Zinki na Jirani Zake

Bati jipya likitolewa kwenye rundo dukani na kugeuzwageuzwa juani, huonyesha maua. Ni mabaka yenye pembe kali, moja linang'aa, la pili limefifia, yamepangana kama magamba ya samaki aliyetoka kuvuliwa. Kila baka ni fuwele ya zinki iliyoganda bati lilipotolewa kwenye beseni la zinki iliyoyeyushwa, lenye joto la nyuzi 450 hivi. Wanunuzi wengi huyapenda maua hayo, na wapo wanaokataa bati kwa sababu "halina maua." Lakini maua makubwa ya mabati ya zamani yalitokana na risasi kidogo iliyochanganywa na zinki ndani ya beseni. Viwanda vilipoanza kuitoa risasi, kwa sababu ni sumu, maua yakapungua ukubwa na mengine yakapotea kabisa. Mnunuzi anadhani anaipima zinki, kumbe anampima jirani yake.

Nimeanza na maua kwa makusudi. Tumezoea kuizungumzia zinki kwa kiasi: bati lina zinki nyingi au chache, kidonge kina miligramu ngapi, mtoto anahitaji kiasi gani kwa siku. Kiasi kina maana yake, sikatai. Ila ukiifuata metali hii kutoka paani hadi jikoni, kutoka mgodini hadi tumboni mwa mtoto, utaona kwamba mara nyingi jibu linategemea zinki imekaa na nani.

Chanzo cha yote ni jambo dogo. Atomu ya zinki ina elektroni 30, na mbili kati yake, zile za nje kabisa, huziachia kwa urahisi. Ikishazitoa hizo mbili, imemaliza. Haitoi ya tatu. Chuma kinaweza kutoa mbili au tatu na kurudi nyuma, shaba moja au mbili, na kigeugeu hicho ndicho kinachozifanya metali hizo ziwe na faida na hatari kwa pamoja. Zinki hutoa mbili na kutulia. Paani tunaitumia kwa sababu inatoa. Mwilini tunaitumia kwa sababu imeshatoa, imetulia.

Tubaki paani kwanza, maana takriban nusu ya zinki inayotumika duniani huishia kufunika chuma. Watu wengi hudhani zinki hukinga bati kama rangi inavyokinga mlango, kwa kuzuia maji yasifike. Hiyo ni nusu ya kazi. Ukilikwaruza bati kwa msumari mpaka chuma kionekane, sehemu ile haishiki kutu mara moja, ingawa imeachwa wazi. Maji ya mvua yanayogusa metali zote mbili huunda kibetri kidogo, na katika kibetri hicho zinki hutangulia kutoa elektroni zake, chuma kikasalimika. Ndiyo maana ukingo uliokatwa kwa mkasi hukaa miaka kadhaa bila kuliwa, ilimradi bado kuna zinki karibu. Mhandisi Mfaransa Stanislas Sorel alipata hati miliki ya kuchovya chuma ndani ya zinki katika miaka ya 1830, na tangu hapo ufundi wenyewe haujabadilika sana.

Sasa tazama tunavyonunua. Mteja anauliza geji. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32, hilo kila fundi analijua. Lakini geji inaeleza unene wa bati zima, na karibu unene wote huo ni chuma. Umri wa paa unaamuliwa zaidi na uzito wa zinki juu ya chuma hicho, ambao hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Bati lenye gramu 275 lina utando wa zinki wenye unene wa takriban mikroni 19 kila upande, chini ya theluthi ya unene wa unywele. Lenye gramu 100 lina mikroni 7. Mabati mawili ya geji moja yanaweza kusimama dukani yanafanana kama mapacha, moja likadumu zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Hili swali la gramu ndilo ningependa liwe mdomoni mwa kila anayejenga, kabla ya swali la rangi.

Zinki haikai tu ikiliwa na mvua. Ikiwa na hewa safi hujitengenezea ngozi: unyevu na hewa ya ukaa huigeuza juu kuwa utando mgumu wa rangi ya kijivu, na utando huo hupunguza kasi ya kuliwa. Ndiyo maana bati la miaka mitatu limepoteza mng'ao lakini halijaharibika. Shida huja hewa inapokosekana. Mabati yaliyopangwa kwa kubanana uani, mvua ikapenya katikati, hutoa unga mweupe unaochafua vidole. Zinki inalika bila kupata nafasi ya kujenga ngozi yake. Nimewahi kuona rundo la namna hiyo likipanguswa kwa kitambaa na kuuzwa kama jipya. Saruji mbichi nayo ni adui, kwa kuwa ukali wake huyeyusha zinki, kwa hiyo fundi anayeacha matone ya plasta juu ya bati anaacha matundu ya miaka ijayo. Na pwani kuna chumvi. Ukitembea mtaa ulio karibu na bahari, angalia paa moja kwa pande mbili: upande unaopokea upepo wa bahari umekuwa mwekundu, ule wa bara bado wa kijivu. Chumvi huvunja ile ngozi kabla haijakomaa. Kwa mazingira hayo mchanganyiko wa alumini asilimia 55 na zinki asilimia 43 hivi, pamoja na silikoni kidogo, hustahimili zaidi, kwa sababu alumini huijenga ngozi na zinki hulinda mikwaruzo.

Manahodha wa boti wanaelewa jambo hili kuliko wajenzi wengi. Chini ya boti yenye rafadha ya shaba hufungwa vipande vya zinki vilivyo wazi, bila rangi, viliwe na bahari badala ya rafadha na mhimili wake. Anayevipaka rangi ili vipendeze ameviua.

Betri ya tochi ni mpango huohuo uliogeuzwa upate kutoa umeme. Volta alipanga sahani za zinki na za metali nyingine mwaka 1800, na Leclanché akaleta mwaka 1866 ule mtindo uliozaa betri kavu za kawaida. Gamba la betri ya bei nafuu ni zinki yenyewe: ni chombo na ni kuni kwa wakati mmoja. Betri inapovuja ndani ya redio, maana yake gamba limeliwa mpaka limetoboka. Wazee waliokuwa wakianika betri juani wapate kumalizia taarifa ya habari hawakuwa wanajidanganya, kwani joto huharakisha kemia iliyobaki ndani. Halirudishi zinki iliyokwisha kutoa elektroni zake.

Metali inayopatikana kila kona namna hii ilichelewa sana kujulikana, na sababu yake inavutia. Ili kuitoa zinki kwenye mawe yake kwa makaa, unahitaji joto linalopita nyuzi 907, na kwenye nyuzi hizo zinki tayari inachemka. Mfua chuma hupata chuma chini ya tanuri. Aliyejaribu zinki aliona moshi mweupe ukiondoka zake. Kwa hiyo kwa karne nyingi watu walipata zinki bila kuijua, ndani ya shaba ya manjano, kwa kupika shaba pamoja na mawe ya zinki hadi mvuke ukanaswa na shaba. Walioivunja kufuli hiyo kwa kiwango kikubwa walikuwa mafundi wa Zawar, Rajasthan, India. Walitengeneza vyungu vya udongo vyenye umbo la biringanya, wakavipanga kichwa chini juu ya tanuri, mvuke ukashuka na kupoa kwenye vyombo vya chini. Walifanya hivyo karne kadhaa kabla ya William Champion wa Bristol kupata hati miliki yake mwaka 1738.

Upande wetu wa dunia, zinki iko Kipushi, karibu na Lubumbashi, mahali ambapo Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya mgodini. Mgodi ulianza mwaka 1924, ukafungwa 1993, ukafunguliwa tena 2024, na mawe yake ni miongoni mwa yenye zinki nyingi kabisa duniani, zaidi ya asilimia 30. Kusini zaidi, Kabwe nchini Zambia, kuna funzo lenye uchungu. Huko zinki ilichimbwa pamoja na risasi kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1994. Zinki ikasafirishwa, risasi ikabaki kwenye vumbi la mitaa, na watoto wanaocheza kwenye vumbi hilo wanaendelea kukutwa na risasi damuni kwa viwango vya kutisha. Hesabu ya faida ya mgodi ule haijawahi kukamilika, kwa sababu gharama ya jirani haikuandikwa.

Kabla sijaingia mwilini, kuna mambo mawili ya mtaani. La kwanza ni la wachomeleaji. Chuma kilichofunikwa zinki kikichomelewa, zinki huchemka na kutoa moshi mweupe. Anayeuvuta hujisikia mzima mchana, kisha jioni akashikwa na homa, baridi, mwili kuuma na ladha ya metali mdomoni. Mara nyingi huisha ndani ya siku moja au mbili, na wengine hudhani ni malaria. Vijana hupeana pakiti ya maziwa kama dawa. Maziwa yanashuka tumboni, moshi uko mapafuni. Kinachosaidia ni kuisugua zinki itoke sehemu ya kuchomelea, kufanya kazi mahali penye upepo, na kuvaa kinga ya pumzi inayofaa.

La pili ni la jikoni kwenye shughuli. Ndoo na karai za bati hazina tatizo kwa maji ya kuoshea. Lakini juisi ya ukwaju, ya ndimu au pombe ya kienyeji iliyochachuka ikilazwa humo usiku kucha, asidi huyeyusha zinki na kuichanganya na kinywaji. Asubuhi watu wanatapika, na lawama zinamwangukia mpishi au mchawi. Ndoo ileile, maji salama, ukwaju sumu.

Mwilini mwa mtu mzima mna gramu 2 hadi 3 tu za zinki, nyingi zikiwa kwenye misuli na mifupa. Kiasi hicho kidogo kinahudumia vimeng'enya zaidi ya 300. Cha kwanza kugunduliwa kuwa na zinki, mwishoni mwa miaka ya 1930, ni kile kinachoshughulikia hewa ya ukaa damuni ili tuitoe kwa pumzi. Chembe moja yake inaweza kushughulikia hadi chembe milioni moja za hewa hiyo kwa sekunde. Protini nyingi zinazoshika vinasaba na kuamua kipi kisomwe hushikiliwa umbo lake na chembe ya zinki, mfano wa kishikizo kwenye kanga iliyokunjwa. Kazi hiyo inahitaji metali tulivu. Chuma kingewekwa hapo, kigeugeu chake kingekuwa kinarusha cheche karibu na maandishi yenyewe ya uhai.

Ila utulivu huo una upungufu wake: mwili hauna ghala la zinki. Chuma huwekwa akiba kwenye ini, vitamini A vilevile. Zinki inabidi ije na chakula, leo na kesho.

Aliyetufumbua macho ni daktari Ananda Prasad, aliyetoka Marekani kwenda Shiraz, Iran, mwaka 1958. Aliletewa kijana wa miaka 21 aliyeonekana kama mtoto wa miaka 10, mfupi, hajabalehe, ana upungufu mkubwa wa damu. Chakula chake kilikuwa mkate usiochachushwa, na kila siku alikula udongo karibu nusu kilo. Prasad akapata wengine wa aina hiyo, kisha akaendelea Misri, na mwaka 1963 akaonyesha kwamba vijana hao walipungukiwa na zinki. Wengi hawakuamini, kwa kuwa zinki iko kila mahali. Ilichukua hadi mwaka 1974 ndipo Marekani ikaiweka kwenye orodha ya virutubishi ambavyo mtu lazima apate kila siku.

Mkate ule ulikuwa na zinki ndani yake. Kilichokosekana ni njia ya kuingilia mwilini. Nafaka na kunde huhifadhi fosforasi yake katika kitu kiitwacho faiteti, ambacho huishika zinki tumboni na kutoka nayo. Mahindi, maharage, ulezi, vyote vina faiteti. Hapa ubishi wetu wa dona na sembe unahitaji kutazamwa upya. Anayesifia dona ana haki: pumba na kiini vina zinki, na sembe iliyokobolewa imeipoteza. Lakini faiteti nayo imo humohumo. Dona ina mali nyingi iliyofungiwa, sembe ina kidogo iliyo wazi. Bibi zetu walikuwa na jibu bila kulijua jina la kimeng'enya kinachohusika. Mahindi yanayolowekwa, uji unaochachushwa, togwa, na zaidi ya yote kimea, ile nafaka iliyoachwa ichipue kisha ikaanikwa na kusagwa, huamsha kimeng'enya cha mbegu kinachovunja faiteti. Kijiko cha unga wa kimea kwenye uji wa mtoto huulainisha, na pia humfungulia zinki. Ninasikitika tunapouacha ufundi huo ukionekana wa kimaskini na kununua uji wa boksi.

Nyama, dagaa wanaoliwa wazima, na chaza wanaookotwa maji yakitoka, hawana faiteti na wana zinki. Chaza ndiye tajiri kuliko chakula chochote. Familia inayokula ugali kwa dagaa wachache imejisaidia kuliko inayokula ugali kwa mchicha peke yake. Serikali za Tanzania na Kenya ziliweka kanuni za kuongeza virutubishi, zinki ikiwamo, kwenye unga wa viwandani, mwaka 2011 na 2012. Ni hatua nzuri, ila mahindi mengi ya vijijini hayafiki kiwandani. Yanabebwa kwa debe hadi mashine ya jirani, na kanuni haijafika huko.

Basi tumeze vidonge? Mtu mzima anahitaji miligramu 8 hadi 11 kwa siku, na kikomo cha juu kinachoshauriwa ni 40. Wakati wa korona wengi walimeza vya miligramu 50 kila siku kwa miezi. Zinki nyingi tumboni huzifanya seli za utumbo zitengeneze protini inayonasa metali, na protini hiyo huipenda shaba zaidi. Shaba inanaswa, seli zinapukutika, shaba inatoka na choo. Baada ya muda mtu anapungukiwa damu, miguu inakufa ganzi, na hakuna anayekishuku kidonge. Madaktari hutumia njia hiyohiyo kwa faida kuwatibu wenye ugonjwa wa Wilson, ambao miili yao hulimbikiza shaba.

Mahali ambapo kidonge cha zinki kimethibitisha thamani yake ni kwenye kuhara kwa watoto. Mtoto anayehara hupoteza zinki kwa wingi, na utumbo unaihitaji kujijenga upya. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, pamoja na zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, nusu yake kwa wasiofika miezi sita. Hufupisha kuhara na hupunguza uwezekano wa kurudi katika miezi miwili mitatu inayofuata.

Kisiwa cha Pemba kina nafasi yake katika elimu hii. Kwenye utafiti uliotangazwa mwaka 2007, watoto zaidi ya 42,000 walifuatiliwa kuona kama zinki ya kila siku, hata kwa wasiougua, ingepunguza vifo. Vifo vilipungua kwa asilimia 7 tu, tofauti ambayo ingeweza kuwa bahati. Kwa waliovuka mwaka mmoja ilikuwa 18. Mwaka mmoja kabla, kisiwani humohumo, madini ya chuma yaliyotolewa pamoja na asidi ya foliki yalionekana kuongeza kulazwa na vifo mahali penye malaria nyingi. Naliheshimu sana jibu la Pemba kwa sababu halikumpendeza aliyetaka kidonge kimoja cha kumaliza kila kitu. Baadaye, mwaka 2020, utafiti wa watoto 4,500 wa Tanzania na India uliuliza kama miligramu 20 ni lazima. Miligramu 5 na 10 zilifanya kazi bila kuachwa nyuma, na kutapika kukapungua: asilimia 19.3 kwa wenye 20, na 13.7 kwa wenye 5. Kidonge kinachotapikwa hakijamsaidia mtoto, na mama akiona matapishi hurudisha karatasi ya dawa kabatini.

Niliketi asubuhi moja kwenye benchi la kliniki, pembeni ya dada aliyekuwa na mtoto wa mwaka na nusu mgongoni. Alikuwa amerudi kwa mara ya pili ndani ya wiki tano. Nesi alimwomba vidonge alivyobaki navyo. Akafungua pochi, akatoa karatasi yenye vitundu kumi, saba bado vimefungwa.

"Mama, mbona hukumaliza?"

"Siku ya tatu choo kilikaza, nesi. Mama mkwe akasema mtoto mzima hapewi dawa."

Nesi hakugomba. Alichukua kalamu, akaandika nyuma ya kila kitundu jina la siku, Jumatano hadi Jumanne, akakivunja cha kwanza kwenye kijiko, akakiyeyusha kwa maji safi kidogo, akamkabidhi mama mwenyewe amnyweshe. Kisha akamwambia aje na mama mkwe wiki ijayo, waongee wote watatu.